Mahakama Imefika Mashinani, Lugha Yake Iko Wapi?

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema waliotutangulia. Tangu Katiba ya 2010 ipitishwe, mgeni ambaye amekuwa akizuru vijiji vya pembeni mwa nchi yetu ni afisa wa haki. Leo ni hakimu wa mahakama ya kuhamahama, kesho ni mtumishi wa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, mtondo ni mjumbe wa Tume ya Kitaifa ya Kutetea Haki za Binadamu. Huja na gari lililojaa vumbi, bango la kitambaa na maboksi ya vijitabu. Watu hukusanywa chini ya mti, hotuba hutolewa, vijitabu hugawanywa, picha hupigwa, na jua likianza kushuka gari hugeuza njia ya mjini. Ningependa tujiulize leo, hasa nyinyi walimu na wanafunzi ambao lugha ndiyo jembe lenu: je, mwenyeji amepona?

Sikusudii kumbeza mgeni huyo. Zamani hakuja kabisa, na alipokuja alikuja na pingu. Kuja kwake na kijitabu ni hatua, tena hatua iliyoagizwa na sheria kuu ya nchi. Kifungu cha 48 cha Katiba kinaitaka serikali ihakikishe kwamba kila mtu anaifikia haki, na kwamba ada ikiwepo isiwe kizuizi. Kifungu cha 56 kinaiagiza iweke mipango mahususi kwa ajili ya makundi ya wachache na jamii zilizotengwa. Cha 159 nacho kinazikumbusha mahakama kwamba haki itendeke kwa wote bila kujali hadhi, na pasi na kuvishwa minyororo ya kanuni za kiufundi. Haya ni maneno mazito, na yeyote aliyeyaandika alijua nchi anayoiandikia.

Alijua, mathalani, kwamba Kaunti ya Turkana peke yake ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 68,000, yaani inazimeza Rwanda na Burundi zikiwekwa pamoja na nafasi ikabaki. Mfugaji wa huko aliyeitwa kortini Lodwar haulizi tu nauli ni kiasi gani. Anauliza mifugo atamwachia nani na maji atayapata wapi njiani. Ndiyo maana mahakama za kuhamahama ni wazo jema. Hakimu, karani na kiongozi wa mashtaka wanafunga safari, wanakaa katika jumba lolote lililopo, na kesi zinasikizwa pale pale penye mashahidi. Mahakimu wamewafuata hata wakimbizi wa Kakuma na Dadaab kwa mtindo huu. Umbali wa barabara, basi, una dawa yake, japo dawa yenyewe ni ghali na haimfikii kila mgonjwa.

Umbali ninaouhofia mimi ni mwingine. Ni ule wa hatua tatu tu, kati ya kizimba na meza ya hakimu.

Hebu mfikirie mtu mzima asiyejua lugha yoyote ila ya mamake, na tuseme ni Mdassanech wa ukanda wa Ziwa Turkana. Amekamatwa kwa tuhuma za wizi wa ng'ombe. Karatasi ya mashtaka imeandikwa kwa Kiingereza. Karani anayaeleza mashtaka hayo kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha aliyo nayo. Mtu mwingine aliyeokotwa uani anakichukua kile Kiswahili na kukigeuza kuwa Kidassanech kadiri anavyoweza. Mshtakiwa anajibu: "Ndiyo, nilikuwa pale, na ng'ombe nilimchukua, ni wangu, aliibwa mwaka juzi." Jibu hilo linapanda ngazi zile zile mbili kurudi juu, na katika kila ngazi linapunguzwa kidogo, hata linapofika mezani limebaki neno moja: "Amekiri."

Msomaji ataniambia kwamba huo ni mfano wa kubuni. Naam, ni wa kubuni. Lakini hatari yenyewe haikubuniwa na mimi. Mnamo 1973 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilitoa uamuzi ambao kila mwanafunzi wa sheria nchini hufunzwa mpaka leo. Ilisema kwamba mashtaka na vipengele vyake vyote sharti mshtakiwa asomewe kwa lugha anayoielewa, na kwamba anapokiri, maneno yake yaandikwe kadiri iwezekanavyo kama alivyoyatamka. Kisha asomewe maelezo ya kisa, apewe fursa ya kuyakubali au kuyapinga, na akitoa hoja yoyote inayotia shaka kukiri kwake, iandikwe kwamba amekana. Majaji wale hawakuyasema hayo kwa kujifurahisha. Waliyasema kwa sababu walikuwa wameona watu wakifungwa kwa "ndiyo" ambayo haikuwa ndiyo.

Na uzito wa "ndiyo" hiyo ni huu: chini ya sheria yetu ya mwenendo wa kesi za jinai, aliyehukumiwa baada ya kukiri hana ruhusa ya kukata rufaa kupinga kupatikana na hatia, anachoruhusiwa kulalamikia ni ukubwa wa adhabu au uhalali wake. Ni kweli kwamba Mahakama Kuu hufungua mlango ikithibitishiwa kwamba kukiri kwenyewe kulikuwa na walakini. Lakini nani atakayethibitisha, na kwa lugha gani? Isitoshe, siku za kuwasilisha rufaa ya jinai kutoka kwa hakimu ni 14 tu. Atakayekaa gerezani siku tano akimtafuta mfungwa mwenziwe wa kumweleza alihukumiwa kwa lipi, amekwisha kupoteza zaidi ya thuluthi moja ya muda wake.

Katiba haikulisahau jambo hili. Kifungu cha 49 kinasema anayekamatwa aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake. Cha 50 kinampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo endapo haelewi lugha inayotumiwa mahakamani. Cha 7 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na kinaiamuru serikali ikuze lugha za kiasili, Lugha ya Ishara ya Kenya na maandishi ya nukta nundu ya wasioona. Kwenye karatasi, basi, hatuna upungufu. Upungufu unaanza pale tunapouliza mkalimani ni nani.

Kwa desturi mkalimani wetu ni karani wa mahakama. Huyu huyu ndiye mtunza faili, mwita kesi, mwapisha mashahidi na mjibu maswali ya watu walioketi nje. Mara nyingi hajasomea ukalimani popote. Amejifunza kwa kusikia. Namheshimu, kwa kuwa bila yeye mahakama nyingi zingefungwa kesho, lakini sioni kwa nini tunamdai mwalimu cheti kabla ya kumfunza mtoto alfabeti, ilhali anayebeba uhuru wa mtu mzima katika ulimi wake hatumdai chochote. Kwa lugha kubwa zenye wasemaji mamilioni, karani huweza kupatikana. Kwa Waelmolo, ambao hesabu ya 2019 iliwaonyesha kuwa wapatao elfu moja na mia moja hivi, au kwa Waaweer wa msitu wa Boni kule Lamu, atatoka wapi? Na kiziwi ambaye hakupelekwa shule, asiyeijua hata hiyo Lugha ya Ishara ya Kenya, bali ishara alizobuniana na dadake nyumbani, atasemewa na nani?

Kiswahili chenyewe, ambacho tunajivunia kuwa daraja, bado hakijaruhusiwa kuvuka mto wote. Sheria zetu za mwenendo wa kesi zimeweka kwamba lugha ya Mahakama Kuu na ya Mahakama ya Rufani ni Kiingereza, na katika mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Yaani kadiri kesi inavyopanda ndivyo mwenyewe anavyozidi kuachwa nyuma. Mkulima wa Kwale aliyeanza kesi yake ya shamba akiifuata neno kwa neno hujikuta, ikifika rufani, ameketi kama mtazamaji wa mchezo wa kigeni, akimtazama wakili usoni ili ajue kama anashinda au anashindwa. Jaji Mkuu Willy Mutunga, aliyeshika wadhifa huo kati ya 2011 na 2016, aliachana na zile nywele za bandia za Kiingereza, na wengi tulishangilia. Ilikuwa rahisi kuvua nywele. Lugha haivuliki kwa siku moja.

Walakini jirani zetu wamethubutu. Mnamo 2021 Bunge la Tanzania lilirekebisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, Kiingereza kikibaki pale panapohitajika kwa maslahi ya haki. Muda mfupi kabla ya hapo Jaji Zephrine Galeba, aliyekuwa Musoma, alikuwa ameandika uamuzi kwa Kiswahili, na Rais John Magufuli akamsifu hadharani na kumpandisha hadi Mahakama ya Rufani. Sitaki kudai kwamba huko kila kitu ni shwari. Sheria zilizorundikana kwa Kiingereza miaka zaidi ya mia moja hazitafsiriwi kwa mkupuo, na hoja ya istilahi ni ngumu kweli kweli. Katika Kiswahili neno "haki" hubeba mambo ambayo Kiingereza huyagawa katika maneno mawili: kile anachostahili mtu, na ule uadilifu wenyewe unaotendwa mahakamani. Neno "dhamana" nalo tunalitumia kwa pesa, kwa hati, kwa mtu anayemdhamini mwenziwe, na hata kwa jukumu la kazi. Mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti wa chuo kikuu asilie njaa penye karamu: hapa pana tasnifu kumi.

Hata hivyo, hoja ya istilahi isitumiwe kuwa kisingizio. Mahakama za Kadhi, zilizokuwako Pwani kabla ya Mwingereza na kulindwa na mapatano ya 1895 baina yake na Sultani wa Zanzibar, zimesikiza mambo ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu miaka yote hii, na mjane wa Lamu huingia humo akauliza swali lake kwa Kiswahili chake na kujibiwa kwa Kiswahili hicho hicho. Mirathi si jambo jepesi. Ina hesabu za mafungu ambazo zingemtoa jasho mwalimu wa hisabati. Kama lugha yetu iliweza kuyabeba hayo, yaweza kuibeba hati ya kiapo na amri ya zuio.

Kuna jambo jingine ambalo afisa wa haki hana budi kulijua kabla ya kutandika bango lake, nalo ni kumbukumbu. Kwa mkazi wa Nairobi, neno "serikali" huenda likamletea picha ya foleni na mihuri. Kwa mzee wa Wajir linamletea uwanja wa ndege wa Wagalla, Februari 1984, ambako wanaume walikusanywa na vikosi vya usalama na wengi hawakurudi. Linamletea pia sheria ya 1970 iliyowakinga maafisa wa serikali wasishtakiwe kwa yale waliyoyatenda Kaskazini Mashariki na wilaya jirani za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu kati ya 1963 na 1967, wakati wa vita vya Shifta. Tafakari, ewe mwanafunzi, maana ya sheria kama hiyo: kwamba mlango wa mahakama ulifungwa na Bunge lenyewe kwa ajili ya sehemu moja ya nchi. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya 2013 imeyaeleza mengi ya kaskazini, na ni ripoti ambayo inafaa kuwa katika maktaba ya kila shule ya upili. Afisa akifika huko na kijitabu kuhusu "haki zako", kisha wazee wakakaa kimya, asiseme kwamba hawajaelimika. Huenda wameelimika kumzidi.

Wako pia ambao hata kutajwa hawakutajwa. Wamakonde wa Kwale, ambao baba zao walitoka Msumbiji wakafanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, waliishi nchini miongo mingi bila kitambulisho. Asiye na kitambulisho ni kama kivuli: hana akaunti ya benki wala hati ya shamba, na akidhulumiwa huogopa kwenda polisi kwa kuwa swali la kwanza litakuwa, "Kitambulisho kiko wapi?" Mwaka 2016 walifunga safari ya miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi kumwona Rais, na ndipo wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba wa Pwani walisubiri mpaka 2023. Hapa si afisa wa serikali aliyewaendea wananchi. Wananchi ndio waliomwendea afisa, kwa nyayo zao. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, kwa sifa yake, inawataja watu wasio na uraia wa nchi yoyote, pamoja na wakimbizi, miongoni mwa wanaostahili msaada. Tatizo ni kwamba afisi za huduma hiyo ni chache mno zikilinganishwa na kaunti 47, na asiye na kitambulisho ndiye wa mwisho kupata habari kwamba afisi hiyo ipo.

Baadhi ya wataalamu wanasema tuirudishe haki kwa wazee: Njuri Ncheke wa Ameru, mabaraza ya wafugaji, maslaha ya Wasomali. Idara ya Mahakama yenyewe ilizindua sera ya mifumo mbadala ya haki mnamo 2020, na Kifungu cha 159 kinaitambua njia hiyo. Mimi naiunga mkono kwa ugomvi wa malisho, wa mipaka, wa madeni na wa ndugu waliokosana. Wazee husema lugha ya wote, hawatozi karo ya wakili, na uamuzi wao hushika kwa sababu unatoka nyumbani. Lakini kuna mahali ambapo nasimama nao mbali. Binti wa miaka kumi na minne akinajisiwa, kisha wanaume wa pande mbili wakakaa chini ya mti wakakubaliana idadi ya ngamia, hiyo si haki iliyokaribia watu. Ni haki iliyouzwa na asiyekuwa mwenye mali. Binti hakuitwa, mamake hakuitwa, na ngamia hawakuwa wake. Katiba imeweka mpaka wazi kwamba mila isikiuke Sheria ya Haki. Afisa anayekwenda kijijini, asiridhike kuketi na wenye fimbo na kofia. Awatafute wanawake kisimani, peke yao, na aende na mwanamke mwenzao anayeijua lugha yao, maana yako maneno ambayo hayasemwi kupitia kinywa cha mwanamume wa ukoo.

Nani, basi, atakayekuwa daraja la kila siku, gari likishaondoka? Jibu langu ni kwamba daraja hilo lipo tayari, na linapokea mshahara wa Tume ya Huduma kwa Walimu. Katika sehemu nyingi za nchi hii, samansi ya mahakama ikifika mikononi mwa asiyejua kusoma, haipelekwi kwa wakili, kwa kuwa wakili hayupo. Hupelekwa kwa mwalimu. Mwalimu wa shule ya msingi ndiye anayeifungua bahasha, anayeisoma, anayesema ni tarehe fulani na ni lazima uende, na wakati mwingine ndiye anayeandika jibu. Anafanya kazi hiyo jioni, bila malipo na bila mafunzo, akiogopa kukosea.

Sheria ile ya 2016 inawatambua wasaidizi wa kisheria, lakini inawataka wawe wamehitimu mafunzo katika chuo kilichoidhinishwa na Baraza la Elimu ya Sheria, na wafanye kazi chini ya mtoa huduma aliyesajiliwa. Sipingi, ujinga wenye cheo ni hatari kuliko ujinga mtupu. Ninachouliza ni kwa nini kozi hiyo isisongezwe hadi Lodwar, Marsabit, Hola na Mandera wakati wa likizo, na walimu wenye hiari wakaisomea kwa gharama ya serikali. Wanazo lugha tatu, wanaaminiwa, na hawahami kila juma. Kamati za watumiaji wa mahakama, zilizowekwa na sheria ya 2011 ili kuwakutanisha hakimu, polisi, magereza na wananchi, zingeweza kuwapa kiti. Nimesikia ikisemwa kwamba mwalimu tayari ana mzigo wa kutosha, na ni kweli. Lakini mzigo huu tayari anao. Ninachopendekeza ni apewe kata ya kuuwekea.

Wanafunzi nao wasidhani nimewasahau. Vyama vya Kiswahili shuleni hukutana kila wiki kujadili mada zilizochakaa kama ile ya mjini na mashambani, kipi bora. Chukueni Kifungu cha 49 badala yake. Kitafsirini kwa lugha ya nyumbani kwa mwenzenu anayetoka mbali kuliko wote darasani, kisha mumpe nyanyake akisikize aseme alichokielewa. Mtashangaa ni mara ngapi mtalazimika kuanza upya. Neno "kukamatwa" huenda likawa rahisi. Likifika "haki ya kunyamaza" mtakwama, kwa sababu katika jamii nyingi zetu anayenyamaza mbele ya wazee huhesabiwa kuwa amekubali kosa, na nyanya atawauliza kwa nini serikali inamshauri mtoto wake ajifunge mwenyewe. Mkimpata jibu la kumridhisha, liandikeni vizuri mlipeleke kwa karani wa mahakama iliyo karibu nanyi. Hana jibu hilo katika faili zake, na Jumatatu asubuhi atalihitaji.